Mwenye Komwe na Wageni Wanne

Juzi mjukuu wangu Riziki kanijia jikoni na simu mkononi, uso umemkunjika. Wamejikusanya kwenye kundi la simu, watoto wa ukoo, wengine wapo hapa Chokocho, wengine Dar, wengine Maskati, wanataka kumsomea mjomba wao anayekwenda kupasuliwa goti. Wanasoma ile salawati ya mara elfu nne mia nne na arubaini na nne. Wazee wetu walipofikwa na zito, mgonjwa haamki au msafiri hajulikani alipo, walikaa chini wakaisoma mara hizo, haipungui, haizidi, kisha wakaomba dua. Siku hizi kila mtu anasoma hapo alipo, akimaliza anaandika kwenye simu kuwa kamaliza.

"Bibi, tupo arubaini," akanambia. "Nimegawa kwa simu, imeniletea mia na kumi na moja nukta moja. Sasa hiyo nukta moja inasomwaje?"

Nilicheka mpaka nikatafuta kibao nikakaa.

"Isomeni mpaka herufi ya tatu, kisha mnyamaze."

"Bibi! Mie nauliza kweli."

"Kila mtu asome mia na kumi na moja. Katika hizo salawati watabaki wanne. Hao wanne niachieni mimi."

Akabonyeza simu yake, akabonyeza tena, akanitazama kama mtu aliyeona kuku anasoma gazeti. "Umejuaje? Hata kalamu hukushika."

Sikupiga hesabu yoyote. Mie skuli nilikwenda miaka mitatu, na mmoja katika hiyo nilikuwa naumwa macho. Nilijua kwa sababu nilikaa ujirani, ukuta kwa ukuta, na mwanamke tuliyemwita Mwenye Komwe. Namba hiyo moja yeye aliijua kama mama anavyomjua mwanawe, kinachomkasirisha na kinachomlaza. Nyengine hakuzijali. Kwao wapi, kazaliwa lini, ukoo gani, hayo wayaseme wanaoyajua. Mie nilimkuta yupo na kikapu chake.

Kikapu kile ni cha ukili, kina mfuniko, na ndani yake mna komwe, hizi mbegu za kijivu wanazochezea bao, ngumu kama jiwe na laini kama kucha. Aliziokota mwenyewe ufukweni ujanani mwake, moja moja, msimu kwa msimu, mpaka zikatimia elfu nne mia nne na arubaini na nne. Ukikibeba ni uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Akiitwa mahala, anakitia kichwani na kwenda, na watu wakimwona kapita hivyo njiani huteremsha sauti, maana kikapu kile hakitoki bure. Mwenye nyumba humtandikia mkeka, naye humwaga komwe, akaanza kugawa.

Nyumba nyengine, hata leo, komwe zinarundikwa katikati, kila mtu anachota kwa kiganja, akisoma moja anaitupa upande. Yeye hakutaka. "Mkono wa mtu mkubwa na mkono wa mtu mdogo haulingani," alisema. "Mnataka dua iende upande, kama punda mwenye mzigo mmoja?" Kila mtu apate fungu lake, na mafungu yawe sawa.

Hapo sasa ndipo tabia za namba zilipoanza. Alisema namba hii ina watu inaowapenda. Wawili inawapenda, na wanne. Kumi na mmoja inawapenda sana, kila mmoja anapata mia nne na nne. Ishirini na wawili, mia mbili na mbili. Na mapenzi yake makubwa ni watu arubaini na wanne, kila mmoja mia na moja. "Msikilize anavyojitaja," alikuwa akinambia huku anapanga. "Elfu nne na mia nne, hizo ni mia arubaini na nne. Kisha arubaini na nne tena. Basi kila mtu anasoma mia yake, halafu anaongeza moja ya kufungia. Namba inakwambia yenyewe inavyotaka kugawiwa, nyie hamsikii."

Watatu haiwataki, siku zote inabaki moja. Saba ndiyo kabisa, wanabaki komwe sita, na tisa wanabaki saba. Hao aliwaita fujo. Lakini lililonishangaza miaka yote ni hili. Wakiwa watu watano, wanabaki wanne. Sita, wanne. Wanane, wanne. Kumi, kumi na wawili, kumi na watano, ishirini, thelathini, hao arubaini wa Riziki, kote wanabaki wanne, walewale. Nikamuuliza kwa nini. Akazitoa komwe nne akaziweka kando, akapiga mkono lile rundo lililobaki.

"Ukishawatoa hawa, hiyo iliyobaki ni laini kama unga wa mchele, inakubali karibu kila nyumba. Wakorofi ni hawa wanne. Basi mie nawaita wageni. Mgeni hagawiwi, mgeni anakaribishwa."

Na walipobaki wale wanne, hakuwasoma mwengine ila yeye, juu ya fungu lake. Wageni wanalala kwake, alisema. Lakini wanne tu. Wakizidi wakawa watano hawatambui.

Hapa ndipo aliponiudhi mimi, na nitasema wazi maana mie sina cha kuficha katika umri huu, ila kimoja, na hicho nitakifikia. Watu wakiwa ishirini na watatu, wanabaki watano. Basi atatazama mduara wote, kisha atasema, "Mmoja aende jikoni akatazame chai." Na huyo mmoja, siku zote, nilikuwa mimi, Salama. Arubaini na watano? "Salama, mwanangu, chai." Kumi na watatu? "Salama." Siku moja nilimjibu, "Bi Mkubwa, chai imeshaiva, imeshanywewa, na vikombe vimeshaoshwa." Akasema, "Basi kaitazame isiibiwe." Wanawake wakaangua kicheko, nami nikaenda, nikakaa jikoni nalia na moshi nausingizia.

Kuna jengine. Watu hakuwahesabu. Kumhesabu mtu kwa kidole ni kumwitia jicho, hilo sote tunalijua, lakini yeye lilimpa shida kuliko sote, maana bila kujua idadi angegawaje? Basi alikwenda mlangoni akahesabu viatu, akavikata nusu. Ndara, makubadhi, vya mpira, vyovyote. Akirudi ndani keshajua.

Siku moja nyumbani kwa Bi Mize, jirani yetu wa nyumba ya tatu, kaenda mlangoni akakawia. Karudi, mikono kiunoni.

"Viatu arubaini na vitatu! Nani humu kaja na mguu mmoja?"

Kila mtu akajitazama miguu. Bi Mize, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, akasema, "Bi Mkubwa, labda yupo aliyekuja na mguu wa kushoto, wa kulia kamwachia mumewe."

"Kama kamwachia mumewe basi aende jikoni, hana nia."

Tukatafuta mpaka kilipoonekana kiatu cha arubaini na nne kwa mbuzi, nyuma ya nyumba, keshakitafuna kamba. Ndipo salawati ikaanza, watu ishirini na wawili, mia mbili na mbili kila mmoja, na mimi kwa mara moja nimo ndani, nafurahi kama mtoto wa sikukuu.

Mtu atadhani mwanamke wa namna hii alihesabu kila kitu. Hasha. Kuku wake hakuwajua idadi. Umri wake aliusema "mwingi". Mchuzi wake haukulika kwa chumvi, leo bahari, kesho maji ya mvua, ukimwambia anajibu kuwa chumvi haina hesabu. Na ukarimu ule wa wageni wanne ulikuwa wa komwe tu. Sukari yake aliificha ndani ya sanduku la nguo, chai ukiipata kwake ina harufu ya udi. Nampenda, lakini nisiseme uongo.

Alipokuja karani wa sensa, kijana mpole na daftari lake, nilikuwepo barazani.

"Bibi, waliolala humu usiku wa jana ni wangapi?"

"Wa kutosha."

"Kiasi gani, bibi?"

"Kiasi cha kulala."

Kijana akafuta jasho. Akasema serikali inataka kujua ili ilete huduma. Yeye akamjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, nenda pale mlangoni katazame viatu, gawa kwa mbili. Lakini usinambie umepata ngapi."

Vijana wetu waliokwenda kusoma nje waliporudi walimwambia hiyo idadi haina asili, ni uzushi. Hakugombana nao. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chai ya harufu ya udi, akasema, "Huenda ni kweli, wanangu. Mola ndiye ajuaye. Ila kama ni kosa, basi ni kosa nililolihesabu vizuri." Walitoka wanacheka, na mmoja wao mkewe alipokuwa na uchungu wa siku mbili, alikuja mwenyewe kukibeba kile kikapu. Sitamtaja.

Tena kulikuwa na mwalimu wa hesabu, kaletwa skuli yetu, mgeni, kapanga chumba kwa Bi Mize. Alimkuta Mwenye Komwe barazani kazipanga komwe mia na moja juu ya mkeka, safu safu, anazivuruga na kuzipanga tena. Akamuuliza anafanya nini.

"Huyu mia na moja, mwalimu, ni mkaidi. Havunjiki. Nimempanga wawili wawili, mmoja anabaki. Watatu watatu, wawili. Wanne, mmoja. Watano, mmoja. Sita, watano. Saba, watatu. Wanane, watano. Tisa, wawili. Kumi, mmoja. Basi, nikaacha."

Mwalimu akatabasamu, mtu anataka kufundisha. "Na kumi na moja, bibi? Kumi na mbili? Hujazijaribu."

"Za nini? Nikipanga kumi na moja kila safu, safu zenyewe hazifiki kumi. Na safu zisizofika kumi nimeshazijaribu zote. Ni mkeka uleule, umeugeuza upande."

Mwalimu akachutama akazipanga mwenyewe, kumi na moja kumi na moja, zikatoka safu tisa, mbili zikabaki. Akaugeuza mkeka. Mie sikuelewa wakati ule, nilielewa baadaye nikipepeta mchele. Nilimsikia tu anasema, kwa sauti ya chini, "Hili nililisoma chuo, bibi." Naye akamjibu, "Pole. Mie sikusoma popote, kwa hiyo lilinichukua mvua nzima." Tokea siku hiyo mwalimu alikuwa akimwamkia kwa mikono miwili.

Sasa nifike kwenye kile kimoja.

Mwanangu Hamadi alikuwa hajatimiza miaka miwili. Degedege likamshika mara tatu kwa siku moja. Hospitali Mkoani tulikwenda, dawa tukapewa, tukarudi naye, lakini mwili unawaka na macho hayamtambui mtu. Mwenye Komwe akaja na kikapu bila kuitwa. Wanawake ishirini na wawili, na mie nimo, maana ni mwenye mtoto, jikoni siendi. Tukasoma. Mtoto mapajani mwangu, naisikia homa yake inapita kwenye nguo.

Tulipomaliza, watu wakaanza kukusanya komwe kuzirudisha kikapuni. Komwe moja ilikuwa imebingirika mpaka kwenye goti langu. Sikuiokota. Niliikalia. Ndugu yangu, niliikalia kama kuku. Nilijiambia, dua zote zile zimepita juu ya mbegu hizi, kikapu kikitoka mlangoni dua nazo zitatoka, basi ibaki hata moja. Walipoondoka nikaishona ndani ya kitambaa, nikamfunga Hamadi mkononi kama hirizi. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Wiki hiyo sikulala.

Na usiniulize mbona hakuhesabu kabla ya kufunga. Alikuwa hahesabu wakati wa kufunga. Kumhesabia mwenye nyumba ni kumwita mwizi. Kikapu kilifungwa kwa imani, kikahesabiwa kilipofunguliwa nyumba ya mbele.

Nyumba ya mbele ilikuwa ya Bi Mize. Siku ya sita, mumewe Faki akaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Tawi lilikatika naye, akaja chini na pakacha lake, mgongo ukavunjika. Kikapu kikaenda. Wanawake tulikuwa arubaini na watano. "Salama, chai." Na siku hiyo nilishukuru, maana nisingeweza kukaa pale na macho yangu. Nilikoroga chai, mtoto mgongoni na kitambaa mkononi mwake, nasikia sauti zao ndani, nami najua kuwa mle ndani wanasoma elfu nne mia nne arubaini na tatu.

Faki alifariki siku ya tatu.

Ningeirudisha vipi? Mwanzoni Hamadi alikuwa bado ana homa. Alipopona, ningemwambiaje Bi Mize? Kwamba mumewe alisomewa pungufu, na kile kilichopungua kiko mkononi mwa mwanangu anayecheza? Basi nikainyamazia. Bi Mize alikuwa haishiwi muhogo wala samaki nyumbani kwake, nilimpelekea mie, miaka. Alikuwa akiwaambia watu, "Sina ndugu kama Salama." Kila akisema hivyo namba ile ilinichoma, arubaini na tatu, arubaini na tatu. Alikwenda mbele ya haki hajui, na komwe iko sandukuni mwangu, ndani ya kitambaa kilekile.

Na Mwenye Komwe hakusema lolote. Niliona tu kwamba kaanza mtindo mpya. Fungu la mwisho alikuwa akilichukua yeye, hata kama wageni wanne hawapo, na hakukubali mtu mwengine alihesabu. Watu wakasema uzee huo unaanza. Mie nikasema hivyohivyo.

Miaka ikapita, arubaini na ushei. Macho yake yakafunga utando, binti yake akaja kumchukua, akamhamishia Makoongwe alikoolewa. Kikapu akaondoka nacho. Nyumba ya jirani ikawa kimya, kuku wake wakaja kwangu, nao mpaka leo sijawahesabu.

Mwaka juzi nikaona mie mwenyewe magoti yananiambia maneno. Nikaifunga ile komwe kwenye pindo la khanga, nikateremka Mkoani, nikapanda boti ya asubuhi ya Makoongwe.

Nilimkuta kakaa juu ya mkeka, kawa mdogo kama kifurushi, khanga nyeupe, kikapu ubavuni. Nikamwamkia.

"Salama," akasema kabla sijajitaja. "Umevua kiatu kimoja, ukatua, ndipo ukavua chengine, kama zamani. Mwanao yupo?"

"Yupo, Bi Mkubwa. Ana mvi kwenye ndevu."

"Alhamdulillahi."

Tukaulizana hali za watu, walio hai na waliotangulia. Kisha nikasema, "Bi Mkubwa, nina neno."

"Neno, au kitu?"

"Kitu."

"Kilete."

Nikafungua fundo, nikamtia komwe kiganjani. Akaisugua kwa dole gumba, taratibu, akainusa.

"Umeitia mafuta ya nazi."

"Kitambaa kilikuwa na mafuta ya mtoto."

"Umechelewa, Salama. Mzito wewe."

Nikalia. Nikamwambia yote, kuikalia, hirizi, jikoni kwa Bi Mize, muhogo na samaki. Nikamwambia nilimpunguzia Faki, nimekuja kusema kabla sijafa.

"Nani kakwambia Faki alipunguziwa?" Sauti yake ilikuwa ileile ya kuulizia viatu. "Siku ile wamekaa arubaini na wanne. Mafungu arubaini na matatu yana mia na moja. La mwisho nimelihesabu, lina mia kamili. Mia kamili! Namba hii haina mahala pa mia kamili. Nikalichukua mie, nikasoma mia, na moja nikaisoma kwa mdomo mtupu. Faki kaondoka na yake imetimia. Siku zake ndizo zilizokwisha, komwe hazikwisha."

Miaka arubaini mtu kabeba jiwe, anaambiwa halikuwemo.

"Ulijua ni mie?"

"Kikapu kilitoka kwako. Na jikoni ulikuwa na mtoto mgongoni, kitambaa mkononi mwake kimetuna hivi, umbo la komwe. Nilikuja kuchukua maji nikaona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungemvua. Na mtoto alikuwa bado ana homa."

Nje binti yake alikuwa anapara samaki, nasikia kisu kinakwenda. Nikafuta uso, nikauliza lile nililoliona gumu kuliko yote. "Komwe zimejaa pwani, Bi Mkubwa. Kwa nini hukuokota nyengine ukaitia, badala ya kuisoma kwa mdomo miaka yote hii?"

Akanigeuzia uso, macho yale meupe.

"Ningeitia nyengine, wewe ukija na yako ingekuwa imezidi. Na mie vinavyozidi navipeleka jikoni."

Akanyoosha mkono akaitia kikapuni. Ililia kidogo tu, komwe juu ya komwe. Akasikiliza kama mtu anayesikiliza iwapo mlango umefunga.

"Mdomo wangu umepumzika," akasema. "Kikapu utaondoka nacho, huku hawajui kugawa. Lakini kwanza kimwage. Tumo wangapi humu?"

"Wawili, Bi Mkubwa."

"Wawili inawapenda."

"Elfu mbili mia mbili na ishirini na mbili kila mmoja! Boti inarudi saa tisa."

"Boti zipo na kesho."

Tukagawa, moja yangu, moja yako, yeye kwa kupapasa na mie kwa macho, mpaka mkeka ukawa mtupu na mafungu yakaisha pamoja, hakuna iliyobaki kuulizia mwenyewe. "Tumsomee nani?" nikauliza. "Faki na Mize. Na mwizi wa komwe, kama nafasi ipo." Binti yake alichungulia mlangoni akatikisa kichwa.

Tulisoma mchana huo, na kesho yake tokea asubuhi. Sitajisifu, yeye alimaliza kabla yangu. Mwanamke aliyevuka tisini, au hiyo "mwingi" yake, alikaa pale mikono juu ya mapaja, ananisikiliza ninavyojikokota, kila nikitua anasema, "Mzito." Ile komwe yangu, naijua kwa weusi wa mafuta, ilikuwa imeangukia fungu langu. Niliipisha kila mara mpaka ikabaki peke yake. Nikaisoma, nikaitia.

Tukaomba dua. Tulipofuta nyuso nikainuka kwa mazoea, magoti yakalia.

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni, Bi Mkubwa. Nikatazame chai."

"Kaa," akasema, akapiga mkeka kwa kiganja, pale ubavuni pake. "Leo hakuzidi mtu."